Ombi la Kurudishiwa Kelele ya Pikipiki ya Jirani

Bi. Asenath Hiribae,
Karani Mpiga Taipu (Mstaafu),
Mtaa wa Mikomani,
Garsen.

Jumatatu, Mei 12, 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ujirani Mwema,
Mikomani.

KUH: KING'ORA CHA PIKIPIKI YA BW. ISHMAEL

Ndugu Mwenyekiti, Mzee Harrison,

Ninaamini barua hii itakukuta umekaa, kwa kuwa kamati yako sijawahi kusikia imesimama.

Kwa miaka tisa nimeiandikia kamati barua kumi na nne. Nimeandika kuhusu kalvati lililoziba, ambalo kila masika hutuletea mto mpaka jikoni. Nimeandika kuhusu taa ya barabarani iliyowaka siku ya kuzinduliwa tu. Nimeandika kuhusu mchinjaji anayefanya kazi yake mbele ya chekechea, watoto wakimhesabia mbuzi. Sikujibiwa hata moja. Nilipomuuliza katibu wako, aliniambia zote zinashughulikiwa, na kweli moja niliiona kwa macho yangu ikishughulikiwa: ilikuwa imefungiwa maandazi.

Halafu mwezi wa Januari, nikiwa na jino linauma, nikaandika barua tatu kuhusu king'ora cha pikipiki ya jirani. Niliziandika kwa mkono wa kushoto nisijulikane, nikatia sahihi "Mkazi Mwenye Uchungu". Ajabu ya Mungu! Jumanne mkakaa. Alhamisi mkatoa amri. Jumamosi fundi Kahindi akatoka Minjila na koleo lake, king'ora kikang'olewa.

Lalamiko langu, Ndugu Mwenyekiti, ni hili: mlinisikiliza kwa nini?

Nakiri sasa, kwa mkono wa kulia, kwamba Mkazi Mwenye Uchungu ni mimi. Na kabla ya kuorodhesha madhara, naomba nieleze hali ilivyokuwa, maana kamati ilikata shauri bila kufika kuona.

Bw. Ishmael, ambaye sote tunamwita Baba Josephine, ni jirani yangu. Kati yetu pana ua wa makuti tu. Ana miaka hamsini na minane. Mkewe alifariki mwaka mmoja baada ya mume wangu. Alipoachishwa kazi kwenye mradi wa kilimo alinunua pikipiki, na anaiendesha kama mtu aliyebeba mayai, hata akiwa amebeba mtu mzima. Abiria wake hufika salama, ila hufika wakiwa wamezeeka kidogo. Pikipiki hiyo ilikuja na alamu, na alamu ikaja na king'ora chenye sauti sita. Kilianza kama gari la polisi, kikageuka ambulensi, kikamalizia na kitu kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Kilikuwa hakihitaji mwizi. Upepo ulitosha. Koma, lile tunda la mkoma, ikidondoka mchangani, kinalia. Siku moja kililia kwa sababu mimi nilipiga chafya upande wangu wa ua. Hilo nililitaja katika barua ya pili. Kila kikilia, Baba Josephine hutoka na rimoti, akibonya na kubonya kama anayetafuta stesheni ya redio. Nami hutoka mpaka uani kusema maneno yangu.

"Niwie radhi, Mama Zachary," husema. "Ni mtambo tu huu, hauna adabu."

"Mtambo hufunzwa na mwenyewe," humjibu.

Basi huuliza nimeamkaje, au kama mwanangu Zachary amepiga simu kutoka Mombasa, au kama kwangu mvua iliingia. Nami humjibu kwa ukali. Kisha kila mtu hurudi kwake. Ilikuwa hivyo mara nne, mara tano kwa siku, kwa miaka miwili. Naeleza haya ili kamati ione ukubwa wa usumbufu niliokuwa nao.

Amri yenu ilisema king'ora kibadilishwe kiwekwe "chenye sauti ya staha". Kahindi hakuwa na kitu kama hicho dukani. Nani anaagiza king'ora cha staha? Akatoa kidude ndani ya gari la kuchezea la mtoto, akakiunganisha na zile nyaya. Nilimuuliza kama hicho ndicho. Akasema, "Mama, kamati imesema staha. Hiki kina staha mpaka chenyewe hakijisikii." Akakitikisa. Kikalia pii, pii, pii, kama kifaranga aliyepotezana na mamake.

Malalamiko yangu sasa ni kama yafuatavyo.

1. KUHUSU SAA. Mbodze, mama anayetuuzia maji, hupitisha punda wake kwetu saa kumi na moja alfajiri, na punda yule hawezi kuipita pikipiki ya Baba Josephine bila kujikuna mgongo. Kwa miaka miwili hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu ya kuamkia. Tangu amri yenu nimechelewa kanisani mara sita. Jumapili ya Matawi nilifika wimbo umekwisha kuanzishwa, na ulianzishwa na Teresia. Teresia ni mwenzangu katika kwaya na ninampenda katika Kristo, lakini aliuanzisha juu sana. Wanaume waliachia njiani, mmoja baada ya mwingine, na ubeti wa tatu uliimbwa na watu wawili pamoja na mbuzi wa nje. Mchungaji alituombea. Kamati haikuwepo kuona aibu hii, kwa sababu kamati haiji kanisani.

2. KUHUSU KUKU. Nilikuwa na kuku wa madoadoa aliyelalia mayai kumi na moja, siku ya kumi na nne. Alfajiri baada ya king'ora kipya kufungwa, punda alijikuna, kikalia pii, pii. Kuku akainua shingo. Kikalia tena. Akaacha mayai, akaruka ua, akazunguka ile pikipiki mara mbili akiita, kisha akaingia chini ya injini na kukunjua mabawa.

Nilimrudisha. Akarudi kule. Nikamfungia, akaacha kula, nikamfungulia. Siku ya tatu Baba Josephine alimleta mwenyewe amembeba kwapani, akasema kwa upole, "Mama Zachary, kuku wako anadhani pikipiki yangu ni mwanawe." Nilimwambia asinifanyie mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alisema amelazimika kutangulia kuangalia chini kila anapowasha, na kwamba jana kuku alimfuata mpaka stendi, wenzake wakamcheka.

Mayai kumi na moja yameoza. Mimi leo ni mfugaji wa kuku mmoja, mama wa mtoto mwenye magurudumu mawili. Naomba kamati inieleze huyu nimwandikishe wapi.

3. KUHUSU NYANI. Wamerudi kwenye ndizi zangu. Zamani wakisikia zile sauti sita walikimbilia ng'ambo ya mto. Sasa wakisikia pii wanageuka kutazama nani amepika, kama walioitwa mezani. Wao wanakula, mimi naandika barua.

4. Lalamiko hili nimeliondoa. Lilikuwa la kweli lakini lilimhusu mkeo.

5. KUHUSU WIZI. Hapa nakuomba uache kutabasamu, kama ulikuwa umeanza.

Alhamisi ya tarehe kumi na saba Aprili, saa nne ya asubuhi, Baba Josephine aliegesha pikipiki mbele ya duka la pembejeo kule Minjila, akaingia kununua mbegu za mpunga. Ana kishamba Kulesa, na maji yalikuwa yameanza kupanda. Mtu akaja, akaishika pikipiki, akaanza kuisukuma. Alamu ikafanya kazi yake. Ikalia pii, pii, pii, mbele ya watu wasiopungua ishirini, mchana kweupe.

Kando ya duka lile hukaa mama anayeuza vifaranga. Alisikia vizuri sana. Aliinama, akahesabu vifaranga vyake, akaviona vimetimia, akaridhika. Mlinzi wa duka naye alisikia, akamwambia yule mama afunike boksi lake. Mwizi akaondoka bila haraka.

Wanasema Baba Josephine alitoka na paketi yake ya mbegu, akasimama pale pikipiki ilipokuwa. Hakupiga kelele. Alisimama kama mtu aliyeambiwa asubiri. Vijana wa stendi walitaka kumleta nyumbani, akakataa. Alirudi kwa miguu. Mimi nilikuwa naanika nguo nilipomwona anaingia mtaani, vumbi mpaka magotini, kofia ya pikipiki bado iko kichwani.

Nilijua papo hapo ni kazi ya nani. Si ya yule mwizi.

Siku nne alikaa kibarazani. Mashamba yalikuwa yanaita na hakwenda. Mama wajawazito wawili wa mtaa huu walipelekwa kliniki na mkokoteni wa Mbodze, kwa sababu mtu wa kuwapeleka polepole hakuwa na cha kuwapelekea. Nilimtumia wali na kambare wa nazi, na kambare wangu unamjua, Mzee Harrison, uliwahi kumlilia kwenye matanga ya marehemu mume wangu kuliko ulivyomlilia marehemu. Sahani ilirudi imejaa.

Siku ya tano wafugaji walioshuka na ng'ombe waliikuta pikipiki kwenye njia ya Ozi. Mwizi alikuwa ameingia nayo katika ule udongo mweusi baada ya mvua, ikazama mpaka kiti, akaiacha na kiatu chake kimoja. Walipoigusa ililia pii, pii, nao wakapoteza nusu saa kutafuta kifaranga matopeni. Imerudi bila vioo na bila taa ya nyuma, lakini inatembea, na Mungu ashukuriwe. Simshukuru mwingine.

6. KUHUSU BARUA. Jioni ya siku ilipopatikana, Baba Josephine alikuja kwangu. Hakuja uani, alizunguka akaja mlangoni, ambapo hajawahi kufika. Nilimpa kiti. Akakaa ukingoni, kofia mapajani.

"Mama Zachary," akasema, "wewe mikono yako imezoea maneno ya serikali. Nipigie barua kwa taipu yako iende kwa kamati. Nataka waniambie ni nani huyu mwenye uchungu."

Nikamuuliza akimjua atamfanya nini. Nilikuwa nimejiandaa kusikia laana, Ndugu Mwenyekiti. Baba yake alikuwa mtu wa kuapiza, na neno lake lilikuwa halianguki chini.

Akasema, "Nimuulize tu. Nimeishi mbali gani, hata asije kuniambia mwenyewe?"

Niliingiza karatasi kwenye taipu. Nikapiga tarehe. Nikapiga "Ndugu Mwenyekiti". Vidole vikagoma hapo. Miaka ishirini na saba nimepiga barua za mabwana wakubwa, za kuwahamisha watu, za kuwafukuza watu, na sikuwahi kukosa herufi. Nikamwambia utepe umekauka. Akashukuru, akasema si neno, akaenda zake.

Utepe haukuwa umekauka. Kwa sababu hiyo barua hii naiandika kwa mkono. Ile taipu sasa nikiitazama nayo inanitazama.

7. KUHUSU AFYA YANGU. Daktari aliniagiza nitembee kwa ajili ya presha. Kutoka mlango wangu mpaka uani ni hatua ishirini na mbili. Kwenda na kurudi ni arobaini na nne, mara tano kwa siku. Tangu Februari sijatembea, kwa kuwa mtu mzima hawezi kutoka kwenda kugombeza kifaranga. Presha imepanda. Nikisema chai ni chungu, nakumbuka sikuulizwa na mtu nimeamkaje. Kamati ijue kwamba mtaa huu sasa una kimya kibaya sana, na kimya hicho kina mihuri yenu.

Kutokana na hayo, naomba kamati iamue ifuatavyo:

(a) King'ora cha zamani, ambacho Kahindi amekitundika kwenye msumari dukani kwake, kirudishwe mahali pake ndani ya siku saba, sauti zote sita zikiwa kamili, hata ile ya mbuzi.

(b) Kikishafungwa, kikaguliwe kama bado kinalia kwa chafya. Nitajitolea kupiga chafya.

(c) Itungwe sheria ndogo kwamba kila mkazi wa Mikomani ana haki ya kusumbuliwa na jirani mmoja amtakaye, na kwamba jirani huyo asizuiwe na kamati wala na barua yoyote, hasa ya mkono wa kushoto.

(d) Kama king'ora hakitapatikana, wajumbe wa kamati wapangiwe zamu ya kukaa juu ya pikipiki hiyo, na kila itakapoguswa wapige ukelele wao wenyewe. Mwenyekiti aanze, kwa heshima ya cheo.

(e) Barua zangu tatu za Januari zichomwe moto, na Baba Josephine asiambiwe kamwe ziliandikwa na nani. Nina miaka hamsini na sita. Nimezika mume, nimelea mtoto mpaka akajitegemea, nimefanya kazi chini ya mabosi saba. Sijawahi kuogopa kutazamwa na mtu. Huyu akinitazama akijua, sitaweza.

Nakutakia afya na nguvu za kuinuka. Msalimie mama nyumbani na umwambie nimelisamehe lile la nne. Msalimie katibu, na kama ana maandazi, anisalimie barua zangu. Wasalimie wale wajumbe watatu ambao mtaa mzima unawajua kwa majina tu. Msalimie Kahindi na koleo lake, Mbodze na punda wake, na Teresia, umwambie Jumapili aanzie chini kidogo. Salamu pia kwa yeyote atakayefungiwa kitu katika karatasi hii. Asome kabla ya kula.

Wako katika ujirani, mwema kwa kadiri ilivyowezekana,

Asenath Hiribae (Bi.)

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika nilikumbuka kwamba msimu huu unalala shambani kwako Minjila, na kwamba mtu ninayeweza kumwamini na bahasha ni mmoja tu. Nilimwita uani. Nilimkabidhi. Alikuwa amekwisha kuitia ndani ya koti nilipoona haifai mtu abebeshwe mambo yake mwenyewe bila kujua. Nikamwambia, "Ifungue, Baba Josephine. Isome hapo hapo."

Alivaa miwani, akasoma kama anavyoendesha. Penye kuku alicheka. Penye barua hakucheka. Alipofika mwisho akairudia karatasi ya mwisho, kisha akaikunja vizuri.

Akasema, "Kile king'ora hakikuwa kibovu. Kina skrubu ndogo kwa nyuma, ukiizungusha kidogo kinapunguza ukali. Kahindi alinionyesha siku niliyonunua."

Nikamuuliza, mbona basi kwa miaka miwili hakuizungusha?

Akasema, "Na ningeizungusha, Mama Zachary, wewe ungetoka nje kufuata nini?"

Sikuwa na jibu, na hili uliandike kwenye kumbukumbu za kamati, kwa sababu halijawahi kutokea. Sasa hivi ninapoongeza maneno haya yuko nje anafungua makuti ya ua, upana wa usukani, ili pikipiki iwe inalala upande huu. Anasema huku hakuna atakayeigusa asisikike, maana mwenye nyumba ana sauti zaidi ya sita. Nimemwambia hana adabu. Ameniomba radhi, akaniuliza nimeshindaje.

Kwa hiyo king'ora kisirudishwe, sheria isitungwe, na barua za Januari msizichome, ameziomba azisome. Naomba kamati isichukue hatua yoyote ile. Katika hilo ninawaamini kabisa.